Kabla ya Kuweka Chaja ya Gari la Umeme Nyumbani, Kagua Laini Yako

Magari, pikipiki na tuktuk za umeme zimeanza kuonekana katika barabara za Mombasa, na baadhi ya wenyewe wangependa kuzichaji nyumbani. Kwa wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, swali la kwanza si chaja ipi inunuliwe, bali ni iwapo laini ya umeme ya nyumba inaweza kubeba mzigo huo.

Tofauti kubwa ni muda. Jagi la umeme huvuta stima nyingi kwa dakika chache, kisha waya hupoa. Chaja ya gari huvuta kwa saa nyingi mfululizo, mara nyingi usiku watu wakiwa wamelala. Waya mwembamba au kiungo kilicholegea, ambacho hakijawahi kuleta shida, hupata joto polepole hadi plastiki ikayeyuka na moto ukazuka.

Chukua mfano wa ploti ya vyumba sita inayotumia mita moja, yenye swichi kuu ya ampea 60. Umeme wa nyumbani nchini ni wa volti 240. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 hivi huvuta takriban ampea 32, yaani zaidi ya nusu ya uwezo wote. Magharibi ikifika, pasi mbili za wati 1,200 zitaongeza ampea 10, majagi mawili ya wati 2,000 takriban ampea 17, na pampu ya maji ampea 3. Jumla inafika takriban 62, kabla ya kuhesabu friji na feni. Hapo ploti nzima huweza kubaki gizani, au waya kuungua iwapo swichi haikukata.

Kabla ya kununua chaja, mkazi anashauriwa kuhakikisha yafuatayo yamekaguliwa:

1. Swichi kuu: ina uwezo wa ampea ngapi, na vyumba vingapi vinaitegemea.

2. Waya: chaja ya ukutani inahitaji waya wake mnene na swichi yake kutoka kwenye bodi. Isiunganishwe na waya wa soketi za kawaida.

3. Waya wa ardhi, ambao mafundi huuita athi: uwepo na upimwe kwa kifaa. Pia iwepo swichi inayokata umeme mara unapovuja.

4. Kutu: hewa ya chumvi ya Pwani hula viungo vya shaba na skrubu za bodi. Soketi iliyobadilika rangi au inayonuka kuungua isitumike.

5. Idhini: mpangaji azungumze na mwenye nyumba, na wakubaliane jinsi tokeni zitakavyolipwa.

Chaja ya pikipiki huvuta stima kidogo kuliko ya gari, lakini nayo isichomekwe kwenye ekstensheni iliyopitishwa dirishani au chini ya mkeka. Betri isichajiwe mlangoni wala kwenye ushoroba, kwa kuwa moto ukitokea hapo hufunga njia ya kutokea.

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla kazi haijaanza. Fundi wa kibinafsi haruhusiwi kukata lakiri ya mita. Hiyo ni kazi ya Kenya Power.

Laini ikionekana haitoshi, mkazi anaweza kuchagua chaja ndogo, kuchaji usiku wa manane wakati majirani wamezima vyombo vyao, au kuomba Kenya Power imwongezee uwezo wa laini. Mwaka 2023 EPRA iliidhinisha bei maalumu ya umeme wa kuchaji magari. Anayepanga kuweka chaja aulize iwapo anastahili.

Waya ukianza kutoa moshi, zima swichi kuu ikiwa unaweza kuifikia salama, usimwage maji, na toa watu nje. Kwa dharura ya umeme, piga simu Kenya Power kwa nambari 97771.