Kidonda cha Kioo cha Jicho kwa Watoto Wenye Mzio

Wasomaji wetu wa Chala na wa Ufipa nzima wamewaona watoto ambao macho huwawasha siku zote. Huyafikicha mchana kutwa, na tongotongo lao huvutika kama uzi. Ugonjwa huu hauambukizi, wala hauletwi na uchawi. Huitwa mzio wa macho, maana mwili wenyewe huchukizwa na vitu kama vumbi na chavua ya maua. Kwa kawaida huanza kabla ya miaka 10, hasa kwa wavulana, na wengi hupona wakishabalehe. Kwa jirani zetu wa Rwanda, uchunguzi wa shuleni uliotangazwa mwaka 2012 uliwakuta nao watoto 4 katika kila 100.

Ugonjwa ukizidi, ndani ya kope la juu huota vinundu vigumu. Kila mtoto apepesapo, vinundu hivyo hukwaruza kioo cha jicho, ambacho madaktari hukiita konea. Tena sumu itokayo katika uvimbe hukichoma. Ndipo hutokea kidonda upande wa juu wa kioo, chenye umbo la ngao. Kikikawia, utando mgumu mweupe hukifunika, ukazuia ngozi mpya kuota. Dalili zake ni maumivu, machozi mengi, kuogopa mwanga, kushindwa kufumbua jicho, na kuona ukungu.

Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Na akiandikiwa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sumbawanga, asicheleweshwe. Matibabu yana mambo matatu. Kwanza, matone ya kutuliza mzio, na kwa siku chache matone ya steroidi, ili vinundu vinywee. Pili, matone ya kuua vijidudu, visije vikaingia kidondani. Tatu, utando ukiwapo, daktari wa macho hutia dawa ya ganzi, au humlaza mtoto usingizi, kisha huukwangua ili kidonda kifunge.

Twawaonya wazazi juu ya mambo mawili. Msitie jichoni majani wala maji ya mizizi: katika utafiti wa hapa Tanzania uliotolewa mwaka 1994, karibu robo ya wagonjwa wenye vidonda vya kioo walikuwa wametumia dawa za kienyeji. Wala msijinunulie steroidi dukani kwa kuwa mara ya kwanza ilisaidia. Ikitumiwa miezi mingi pasipo kupimwa, huongeza presha ndani ya jicho, ikaua mshipa wa kuonea, tena huleta mtoto wa jicho. Dawa ile ile iponyayo huweza kupofusha.

Nyumbani, kitambaa safi cha maji baridi hupunguza mwasho, na kofia pana huzuia jua na vumbi. Walimu nao wasimfukuze mtoto huyu darasani. Bali wakimwona amefumba jicho moja kwa maumivu, wawaite wazazi wake upesi. Kidonda kilichotibiwa mapema hupona. Kilichoachwa huacha kovu jeupe, na kovu likiwa katikati ya kioo, mtoto hataona vema tena kwa jicho lile.