Jasho la Marafiki Wawili

Msomaji mpenzi, yafaa tuanze na swali. Akija mgeni kijijini kwako, mtu wa rangi nyingine na lugha nyingine, akakaa chini ya mwembe pamoja na vijana, akasema, "Nifundisheni ngoma yenu," utamfanyaje? Pengine utacheka kwanza. Halafu utamwonyesha. Naye akikosea mara kumi, nawe ukamsahihisha mara kumi, jioni itakapoingia hatakuwa mgeni tena. Habari ya leo ni ya mtu aliyefanya hivyo katika nchi ambako jambo hilo lilikuwa kosa mbele ya polisi.

Jina lake Johnny Clegg. Alizaliwa mwaka 1953 huko Lancashire, Uingereza. Mama yake, aliyekuwa mwimbaji, alitoka Rhodesia, nchi iitwayo leo Zimbabwe. Alimchukua mwanawe wakaishi huko, kisha Zambia, na mwisho wakafika Johannesburg, Afrika ya Kusini.

Wazee wetu wanazikumbuka habari za nchi ile. Tangu mwaka 1948 serikali ya Makaburu ilishika siasa ya kuwatenga watu kwa rangi zao. Sheria ya mwaka 1950 iliamuru kila rangi ikae mtaa wake. Sheria nyingine, ya mwaka 1953, mwaka uleule aliozaliwa Clegg, iliruhusu kutenga hata mabasi na viti vya bustani. Mtu mweusi aliingia mjini kufanya kazi tu, na kipande mfukoni mwake.

KIJANA NA MFAGIAJI

Clegg alipokuwa na umri wa miaka 14 hivi, alimsikia mtu akipiga gitaa barabarani karibu na kwao. Mtu huyo aliitwa Charlie Mzila. Alikuwa Mzulu, na kazi yake ilikuwa kusafisha nyumba za ghorofa. Gitaa lenyewe lilikuwa la Kizungu, lakini upigaji wake kijana hakupata kuusikia. Wazulu walikuwa wamelichukua gitaa na kubadili ufungaji wa nyuzi zake hata likafuata nyimbo zao. Mpigaji huanza kwa kuzipitia nyuzi mbio mbio, kama mtu apigaye hodi. Ndipo aingiapo katika wimbo. Katikati huacha kuimba, akajisifu kwa maneno ya haraka, akataja ukoo wake na mahali alikotoka. Upigaji huo huitwa maskandi.

Kijana akaomba kufundishwa. Liangalie sana neno hilo, msomaji. Mtoto wa Kizungu alimwendea mfagiaji, akamfanya mwalimu wake. Kwa muda wa miaka miwili Mzila alimfundisha gitaa, lugha ya Kizulu, na ngoma zile ambazo mchezaji huurusha mguu juu sana, kisha akaikanyaga nchi kwa kishindo. Wakaenda pamoja hata kwenye mabweni ya wafanyakazi waliotoka mashambani. Huko wanaume walicheza kikabila siku za mapumziko ili wasiyasahau makwao.

Polisi wakamkuta huko. Clegg alikamatwa mara ya kwanza akiwa na miaka 15. Je, aliiba? Alimpiga mtu? La. Alikutwa mahali pa watu weusi pasipo ruhusa.

SHINDANO LILILOZAA URAFIKI

Habari za Mzungu mdogo anayepiga gitaa la Kizulu zikaenea mjini. Zikamfikia Sipho Mchunu, kijana wa Kranskop, katika Natal. Huyu alikuja Johannesburg mwaka 1969 kutafuta kazi, akawa mtunza bustani. Alipozisikia habari zile akamtafuta Clegg ili washindane. Walikutana kwa kushindana, wakaachana wakiwa marafiki. Tangu siku ile walipiga pamoja, ingawa mara nyingi walisumbuliwa na polisi na kutukanwa na wapita njia.

Clegg akasoma chuo kikuu, akawa mwalimu wa mambo ya desturi na mila za watu. Lakini muziki haukumwacha. Mwaka 1979 yeye na Mchunu walitoa santuri yao kubwa ya kwanza. Kikundi chao walikiita Juluka. Kwa Kizulu maana yake ni kutoka jasho, tena lilikuwa jina la fahali wa Mchunu. Ninyi wafugaji mtafahamu heshima ya kulipewa jina la fahali.

Nyimbo zao zilichanganya Kizulu na Kiingereza, gitaa la maskandi na mitindo ya Ulaya. Mchanganyo huo ndio uliowaudhi wakubwa. Redio ya serikali ilikuwa imegawanywa, kila lugha na stesheni yake, wala wimbo wa lugha mbili haukuwa na kwao. Wimbo wao mmoja wa mwaka 1981, uliosimulia vita vya Isandlwana vya mwaka 1879, Wazulu walipowashinda Waingereza, ulikatazwa redioni. Tena haikuwa rahisi kwa watu wa rangi mbili kusimama jukwaani pamoja. Basi wakapiga katika kumbi za vyuo, za makanisa, katika mabweni na nyumba za watu. Mara nyingine polisi walifika wakalivunja onyesho.

Mwaka 1985 Mchunu alirudi kwao Natal kuutunza mji wake na mifugo yake. Mwaka uliofuata Clegg aliunda kikundi kingine, Savuka, maana yake tumeamka. Mwaka 1987 walitoa wimbo uitwao Asimbonanga, yaani hatujamwona. Msomaji, tazama jinsi lugha zetu zilivyo ndugu: "bona" ya Wazulu ndiyo "ona" yetu. Asiyeonekana ni nani? Ni Nelson Mandela, aliyekuwa kifungoni tangu mwaka 1962, na sura yake ilikatazwa kutolewa magazetini.

Wala msidhani kwamba mpatanishi hupendwa na wote. Nyumbani serikali ilimsumbua. Huko nje, chama cha wanamuziki cha Uingereza kilimfungia mlango mwaka 1988 kwa sababu aliendelea kupiga muziki Afrika ya Kusini wakati nchi ile ilikuwa imesusiwa. Naye hakuwaacha wenzake.

Tena jasho halikuwa jasho tu, ilimwagika na damu. Mandela alifunguliwa tarehe 11 Februari 1990, lakini amani haikuja siku moja. Mwaka 1992 Dudu Ndlovu, mpiga ngoma na mchezaji mwenzake Clegg katika Savuka, alipigwa risasi akafa huko kwao, katika siku za ugomvi wa wenye teksi.

Mwaka 1999 Clegg alikuwa Frankfurt, Ujerumani, akiuimba wimbo ule wa asiyeonekana. Mara watu wakapiga kelele za furaha. Alipogeuka, nyuma yake alimwona mzee akija jukwaani akicheza taratibu. Alikuwa Mandela mwenyewe. Aliyekuwa haonekani ameonekana!

Clegg alifariki dunia Johannesburg tarehe 16 Julai 2019, kwa ugonjwa wa kansa, akiwa na miaka 66.

TUJIFUNZE NINI?

Je, nyimbo ziliuangusha ubaguzi? Tusijidanganye. Waliouangusha ni watu wengi, waliofungwa, waliofukuzwa nchini, na waliouawa. Lakini sheria ile ilisimama juu ya neno moja, kwamba mweusi na mweupe hawawezi kuishi pamoja. Aliyewaona Clegg na Mchunu wakitokwa jasho jukwaa moja aliona kwa macho yake kwamba neno lile ni uongo.

Sasa turudi kwetu. Hata vijijini mwetu yako makabila yanayokaa pamoja miaka mingi, na bado yanacheka usemi wa wenzao. Ninyi wazazi, watoto wenu wanajua kuamkia kwa lugha ya jirani? Siku ya arusi, wageni wakianza ngoma yao, ninyi hukaa pembeni mkinong'onezana, au huingia uwanjani? Asiyeijua ngoma ya jirani yake aombe kufundishwa. Atakosea, watu watacheka, naye atatokwa jasho. Hakuna ubaya. Clegg pia alianza hivyo, mbele ya mfagiaji.