Kidirisha kiulize, kidhibiti kiamue

Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, wachuuzi wa omena wa Kendu Bay, Kaunti ya Homa Bay, wamezoea kutuma fedha kwa simu. Katika tovuti nyingi za malipo, kabla fedha hazijatoka, hufunguka kidirisha kinachofunika ukurasa na kuuliza: Thibitisha au Ghairi?

Kidirisha hicho chafaa kuuliza tu na kurudisha jibu. Uamuzi wa kutuma au kufuta huachiwa sehemu moja ya programu, yaani kidhibiti. Vidirisha vikijiamulia, amri moja huweza kupelekwa mara mbili, na mchuuzi akalipia mzigo mmoja mara mbili. Kidhibiti hufunga kitufe baada ya kubonyezwa, nayo seva hukagua nambari ya muamala. Hivyo, mtandao ukikatika na ombi lilelile likarudiwa, mteja hatozwi tena.