Mkia wa Ndege Ndogo Chini ya Milima ya Upare

Katika tambarare zinazoanzia pale milima ya Upare inapoishia, zikaenea hata ndani ya Hifadhi ya Mkomazi, yuko ndege mwindaji aitwaye pungu, ambaye mkia wake ni mfupi hata nyayo zake huchomoza nyuma anaporuka, naye hupita angani akiinamia mara kulia mara kushoto, asipige mabawa ila kwa nadra. Watu humstaajabia kwa jinsi anavyojimudu karibu bila ya mkia; lakini lililo ajabu zaidi ni kwamba pungu kijana huwa na mkia mrefu kuliko wa wazazi wake, nao hupungua kila abadilipo manyoya, mpaka atimizapo utu uzima, katika umri wa yapata miaka 7, ubaki kijisehemu tu. Angali mwanafunzi wa anga, maumbile humpa mkia. Akiisha kuhitimu, humnyang'anya.

Mtu aundaye ndege ndogo ya kuongozwa kwa redio hana budi kuihesabu katika kundi la pungu vijana, maana haina akili ya kujirekebisha ila ile iliyotiwa katika umbo lake, na sehemu kubwa ya akili hiyo imo mkiani. Aliyeidhihirisha siri hii ni Mfaransa Alphonse Pénaud, ambaye mwezi wa Agosti 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, alirusha mbele ya mashahidi ndege ya mfano iliyoendeshwa kwa mpira uliosokotwa, nayo ikaenda sekunde 11 pasipo mkono wa mtu kuiongoza. Nyuma alikuwa ameweka bawa dogo, lililotegwa kwa pembe ndogo kuliko ya bawa kubwa.

Wengi hudhani kwamba bawa hilo dogo lipo ili kusaidia kuinua. Sivyo. Uzito wa ndege hupangwa uwe mbele kidogo ya mahali nguvu ya kuinua inapokusanyika, hivyo pua hutaka kuinama daima, na bawa la nyuma, aghalabu kwa kukandamiza mkia chini, huizuia. Upepo wa ghafula ukiinua pua, hewa hulipiga bawa hilo kutoka chini, mkia ukapanda na pua ikarudi mahali pake. Pua ikiinama kupita kiasi, mambo huwa kinyume. Pezi la wima hufanya vivyo hivyo kwa upande wa kulia na kushoto. Ama vile vyombo visivyo na rubani ambavyo Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walivitumia tangu 2016 kupigia picha Unguja na Pemba, ambavyo ni bawa tupu lisilo na mkia, hao ni pungu waliohitimu: ukingo wa nyuma wa bawa umebebeshwa kazi ya mkia, na kompyuta iliyo ndani hurekebisha bila kuchoka.

Vitabu vya fani hii huagiza balsa, mti mwepesi wa Ekwado, ambao hapa kwetu ni ghali na adimu. Kwa maoni yangu mkazi wa Same hana sababu ya kuulilia, maana kuanzia Ndungu hata kushuka Korogwe kuna mkonge, na kila mkonge umalizapo umri wake hutoa mlingoti wa mita 5 au 6, ukachanua, kisha mmea wote ukafa. Mlingoti huo ukikauka sawasawa huwa na ganda gumu na moyo mwepesi: moyo, ukipasuliwa na kulainishwa kwa msasa, wafaa kujazia, na fito za ganda zafaa kingo, ambako hutakiwa ukakamavu. Asiyeupata atumie lile povu gumu jeupe linalozungushiwa friji mpya, wala si la kudharauliwa.

Wepesi hapa si anasa. Mkia aghalabu huwa mbali na kitovu cha uzito mara tatu kuliko pua, kwa hiyo gramu 1 iliyozidi mkiani hudai gramu 3 za risasi puani ili mizani irudi, na ndege ikazidi gramu 4 kwa sababu ya gundi iliyomwagwa kwa ukarimu. Na Same, iliyo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 800, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga, haisamehe.

Eneo la bawa la nyuma liwe kama sehemu ya tano ya bawa kubwa, na la pezi yapata nusu ya hilo. Kabla gundi haijaguswa, bawa dogo liwekwe mahali pake likavu, lishikwe kwa pini, na uzi ufungwe katikati ya pua. Uzi uvutwe hata ncha ya kulia, utiwe alama, kisha upelekwe ncha ya kushoto: alama isipolingana, bawa limekaa mshazari, na ndege itakwenda upande siku zake zote. Kisha fundi arudi nyuma hatua kadhaa, atazame kama bawa dogo na bawa kubwa yako sambamba, maana jicho huhukumu hapa kwa insafu kuliko rula. Pezi husimamishwa kwa skwea ya seremala, na epoksi ikaukayo kwa nusu saa ni bora kuliko ile ya haraka, kwa kuwa yampa mtu nafasi ya kusahihisha.

Nyuma ya bawa dogo huungwa kibao cha kupandishia na kushushia pua, na nyuma ya pezi usukani, vyote kwa bawaba za kitambaa au plastiki nyembamba. Bawaba zikilegea, kibao hutetemeka ndege ikishika kasi, na mtetemo ukikua waweza kuupasua mkia mara moja. Mashine ndogo iitwayo sevo, ipokeayo amri ya redio, husukuma kibao kwa kijiti cha mwanzi chenye ncha za waya. Kijiti kikipinda, amri hupotea njiani. Sevo yenyewe ikae karibu na bawa kubwa, kwa hesabu ile ile ya gramu.

Kurusha kuna sheria zake: chombo kisicho na rubani hutaka idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hifadhini hakiingii bila kibali, nalo lango la Zange haliko mbali na mji wa Same. Mwenye idhini achague uwanja wazi, asubuhi, kabla jua halijaipasha ardhi moto na kuivuruga hewa. Aelekee upepo, ajaribu redio mara ya mwisho, na ahakikishe kwamba usukani unakwenda kulia aamurupo kulia, na kibao kinapanda aamurupo kupanda.