Kwa Nini Moyo wa Mama Uendelee Kupimwa Baada ya Arobaini

Katika familia nyingi nchini, mzazi akitimiza siku arobaini huhesabiwa kuwa amevuka hatari. Ratiba ya kliniki inakaribiana na desturi hiyo, kwani mahudhurio ya mama baada ya kujifungua hupangwa ndani ya saa 48, kisha siku ya 7, ya 28 na ya 42. Baada ya hapo anayesubiriwa kliniki ni mtoto. Kwa upande wa moyo, hata hivyo, hatari haiishii siku hiyo.

Wakati wa ujauzito, kiasi cha damu mwilini huongezeka kwa takribani asilimia 40 hadi 50, na moyo hulazimika kupiga kwa kasi zaidi ili kuisukuma. Moyo wenye afya huumudu mzigo huo. Wenye kasoro iliyojificha huanza kulemewa. Wapo wanawake waliougua koo utotoni kwa maambukizi ya bakteria yasiyotibiwa ipasavyo, wakapata homa iliyoathiri valvu za moyo, kisha wakakua bila kujua. Mara nyingi ni ujauzito unaoifichua kasoro hiyo.

Ugonjwa ulio mgumu zaidi kuubaini ni ule wa misuli ya moyo kudhoofika katika mwezi wa mwisho wa ujauzito au ndani ya miezi 5 baada ya kujifungua, kwa mwanamke ambaye awali hakuwa na tatizo la moyo. Dalili zake ni uchovu, kuishiwa pumzi, miguu kuvimba na moyo kwenda mbio. Ni mjamzito gani asiyelalamikia angalau moja kati ya hizo? Ndiyo maana mgonjwa huambiwa kuwa ni uchovu wa uzazi tu, apumzike.

Zipo tofauti za kuangaliwa. Mzazi anayeshindwa kulala bila kuegemea mito kadhaa, anayeshtuka usiku akitafuta hewa, anayekohoa kila alalapo, au ambaye miguu yake inazidi kuvimba wakati ilipaswa kunywea, afikishwe haraka kituo cha afya. Kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti huonesha uwezo wa moyo kusukuma damu. Wengi wanaotibiwa mapema hupata nafuu ndani ya miezi kadhaa, ingawa si wote.

Shinikizo la damu nalo lina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Likifikia 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, mama huchunguzwa kama ana dalili za awali za kifafa cha mimba, hali inayoweza kujitokeza hata baada ya mtoto kuzaliwa. Mwanamke aliyewahi kuipata ana uwezekano wa takribani mara mbili wa kuugua moyo au kiharusi miaka ya baadaye. Taarifa hiyo isibaki kwenye kadi ya kliniki iliyohifadhiwa kabatini. Kila anapomwona mhudumu wa afya, aitaje, na shinikizo lake lipimwe walau mara moja kwa mwaka.

Fursa ya kupima ipo tayari. Mtoto huletwa kuchanjwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ziara mbili za mwisho kati ya hizo huangukia baada ya siku 42, ndani ya ile miezi 5. Mama yuko pale pale kwenye benchi, amempakata mtoto. Kumpima shinikizo na kumuuliza analalaje usiku ni kazi ya dakika chache, nayo inawezekana hata katika zahanati. Anayeonekana kuwa na tatizo hupewa rufaa kwenda hospitali kubwa, ikiwamo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, ambayo wataalamu wake pia hutoa huduma mikoani.

Uzazi wa mpango nao unahitaji ushauri. Vidonge vyenye homoni ya estrojeni havimfai mwenye shinikizo la juu wala mwenye ugonjwa mkubwa wa valvu; zipo njia nyingine salama kwake. Aliyewekewa valvu bandia na anayetumia warfarini amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto katika wiki za mwanzo, lakini asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe, maana damu inaweza kuganda kwenye valvu. Na aliyewahi kudhoofika misuli ya moyo, hata akipona, apimwe moyo upya kabla ya mimba nyingine, kwani ugonjwa huo unaweza kurudi.