Kabla ya Kulipia D-dimer

Kutoka Usagara hadi hospitali ya Bugando, kilimani Mwanza, si mbali, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hata mgonjwa wa Sengerema hasubiri tena kivuko. Kinachowachelewesha ndugu sasa ni dirisha la malipo.

Mtu akifika idara ya dharura na kichomi cha ghafla, pumzi zinambana na mguu mmoja umevimba, daktari hushuku bonge la damu lililonasa kwenye mshipa wa pafu. Shaka huzidi kama juzi alikaa kwenye basi kutoka Dar kutwa nzima, au kama ni mama aliyejifungua kwa upasuaji majuma mawili yaliyopita. Hapo vitatajwa vipimo viwili. Kimoja ni cha damu, D-dimer, ambacho kwa kawaida bei yake ni makumi ya maelfu ya shilingi. Cha pili ni CT ya kifua, ile ya kuchomwa dawa ya kuonyesha mishipa, nayo ni mamia ya maelfu. Wengi hukimbilia cha kwanza wakidhani wameokoa hela.

Mwili ukivunja bonge la damu, vipande vya protini husambaa kwenye damu, na hivyo ndivyo vinavyopimwa. Vikiwa vichache, na daktari ameshamkagua mgonjwa akaona uwezekano wa bonge ni mdogo, CT haihitajiki. Vikiwa vingi havithibitishi chochote, kwa sababu nimonia, TB, malaria, saratani, ujauzito, upasuaji na hata uzee huvipandisha. Yaani unalipia nafasi ya kuambiwa "hapana". Yule mama wa upasuaji karibu hakika damu yake itasoma juu, kisha atalipia CT vilevile. Kwake D-dimer ni hela inayopotea bure. Ndiyo maana kukipima chenyewe kwenye maabara ya mtaani, bila daktari kumwona mgonjwa kwanza, ni kununua hofu.

Swali la kuuliza kabla ya kutoa hela ni hili: "Dokta, kikija chini, CT tunaiacha?" Akijibu kwamba CT ipo palepale, usikilipie.

Kwa wazee kuna unafuu ambao haujulikani sana. Kikomo cha kawaida ni 500, lakini aliyevuka miaka 50 umri wake huzidishwa kwa 10. Mzee wa miaka 74 kikomo chake ni 740, hivyo akisoma 690 na dalili zake si nzito, anaweza kuepuka CT. Hesabu hiyo ni ya nanogramu kwa mililita katika kipimio cha FEU. Mashine nyingine husoma kwa DDU, ambako 500 huwa 250, na nyingine huandika 0.5 kwa mikrogramu. Soma herufi zilizo pembeni ya namba kabla ya kushangilia. Angalia pia chupa yenye kifuniko cha buluu: damu isipofika kwenye mstari, sampuli hukataliwa na mgonjwa hutobolewa tena.

Kama mguu umevimba, ulizia ultrasaundi ya mishipa ya mguu, ambayo huwa nafuu kuliko CT. Bonge likionekana pajani au nyuma ya goti, matibabu yanaanza bila kusubiri picha ya kifua. Troponini nayo hutajwa, lakini yenyewe huonyesha moyo umeelemewa kiasi gani, haitafuti bonge. Na mgonjwa ambaye presha imeshuka na anazimia hana muda wa D-dimer. Huyo anaanzishiwa matibabu, vipimo vya kitandani vikiendelea.

Bonge likithibitika, dawa ni ya miezi isiyopungua mitatu, na hapo ndipo hesabu ndefu ilipo. Warfarini ni rahisi dukani, lakini inadai kupima INR, yaani kasi ya damu kuganda, mara kwa mara, hasa majuma ya mwanzo, na kila kipimo ni nauli ya kwenda mjini na kurudi, pamoja na siku ya kazi iliyopotea. Rivaroksabani ni ghali kwa kidonge ila haihitaji INR. Mwenye figo mbovu sana au anayenyonyesha kwa kawaida hapewi. Mwenye bima aulize mapema kama kifurushi chake kinailipia, maana jumla ya nauli za miezi mitatu kutoka Usagara inaweza kuifuta tofauti ya bei.