KRAS: jeni, protini na badiliko

KRAS ni jina la jeni ya binadamu iliyomo katika kromosomu ya 12, na pia la protini inayoundwa kwa maelekezo ya jeni hiyo. K ni ya Kirsten, mtafiti aliyeeleza mwaka 1967 kirusi kinachosababisha sarakoma kwa panya. RAS ni kifupisho cha jina la Kiingereza la sarakoma hiyo.

Protini hii hukaa upande wa ndani wa utando wa seli, ikifanya kazi mithili ya swichi. Ishara ya ukuaji ikifika kwenye kipokezi, KRAS huachia molekuli ya GDP na kushika GTP. Hapo huwaka, ikapeleka ujumbe hadi kwenye kiini ili seli igawanyike. Kisha GTP hugeuzwa kuwa GDP, nayo huzimika. Badiliko dogo, aghalabu katika asidi amino ya 12, huizuia kuzimika, na seli huendelea kugawanyika bila kuamriwa. Hali hii huonekana sana katika saratani za kongosho, utumbo mpana na mapafu.

Kwa hiyo kauli “mgonjwa ana KRAS” haitoshi, kwani kila mtu anayo. Isemwe: “uvimbe wake una badiliko la KRAS.” Asiyeelezwa hivyo huweza kuwahofia wanawe bure, ilhali badiliko hilo kwa kawaida hutokea ndani ya uvimbe wenyewe, wala halirithiwi.